Thamani ya Gari Kongwe na Haki ya Yatima

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na akaharimisha dhuluma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Jua, ndugu yangu, Mungu akuongoe, ya kwamba mlango wa biashara ni mlango mpana. Wengi wetu huingia na kutoka humo kila siku, wala hatuulizi hukumu zake kama tuulizavyo hukumu za udhu na sala. Na katika mambo yaliyozuka siku hizi ni biashara ya magari kongwe, khasa zile Land Rover za zamani. Watu wa pwani, wa Dar es Salaam na Tanga na Mombasa, wafunga safari kwenda bara, hata Rujewa katika bonde la Usangu, makao makuu ya wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, wakitafuta magari yaliyoachwa na wazee waliokufa. Huyakuta chini ya miembe, kuku wametaga ndani yake. Humwuliza mjane au kijana wa nyumba, "Hili mwauza kiasi gani?" Naye hajui la kujibu. Basi tumeona yapasa kuandika somo hili, tueleze bei ya haki hupatikanaje kwa sharia yetu na madhehebu ya Imamu Shafii (R.A.), na ni nani atakayeulizwa mbele ya Mola wake endapo bei hiyo imekuwa ya dhuluma.

MLANGO WA KWANZA: Kukijua kitu kabla ya kukitia bei

Sharti moja katika masharti ya bei ni kitu kinachouzwa kiwe chajulikana. Na asiyejua alichonacho hawezi kujua thamani yake. Kwa hiyo tutangulize maneno machache juu ya gari lenyewe.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, nayo ilitengenezwa na kampuni ya Rover ya Uingereza. Baada ya vita vikuu chuma kilikuwa adimu, ndipo bodi yake ikafanywa kwa aluminiamu, na chasisi ikabaki ya chuma. Jambo hili likumbuke, kwani ndani yake mna siri ya bei, kama itakavyokuja. Toleo la kwanza lilidumu hata mwaka 1958, likafuata la pili, na mwaka 1961 likaja lile la pili lililoongezwa herufi A, na mwaka 1971 la tatu, lililoendelea hata mwaka 1985. Ile iitwayo Land Rover 109 imepewa jina hilo kwa sababu toka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni inchi 109. Magari yaliyorithi umbo lile yalikoma kuundwa mwanzoni mwa mwaka 2016. Tangu hapo watu wamezidi kuyataka yaliyobaki, na mwezi wa Oktoba 2024 kule Arusha yalikusanyika kwa mamia katika tamasha lao.

Na jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani watu wanashindania magari yao ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa, kama Pontiac GTO ya mwaka 1964. Wajuzi wao, kabla ya kutaja bei, hutazama nambari zilizopigwa kwenye chuma, wajue kama injini iliyomo ndiyo iliyotoka nalo kiwandani au ni ya kupachikwa. Gari lenye injini yake ya asili lina bei moja, na lililotiwa injini nyingine lina bei nyingine, ijapokuwa kwa macho ni sawasawa. Huku kwetu nako ziko Land Rover nyingi zilizotiwa injini ya Toyota au Nissan. Basi chukua kadi ya gari, soma nambari ya chasisi na nambari ya injini, kisha uzilinganishe na zilizo kwenye chuma chenyewe. Zikikhitalifiana, uliza kabla ya kutaja shilingi moja.

MLANGO WA PILI: Maana ya thamani ya mfano

Wanavyuoni wametenga baina ya bei na thamani. Bei, kwa Kiarabu thaman, ni kile walichoridhiana muuzaji na mnunuzi. Na thamani, ambayo waiita qima, ni kile kikomo cha raghba za watu katika kitu kama kile, mahali pale, na wakati ule. Hii ndiyo iitwayo thamani ya mfano. Ukiyazingatia maneno haya utaona yamekusanya mambo matatu, na kila moja lina watu waliolikosea.

La kwanza ni raghba za watu, wala si mapenzi ya mtu mmoja. Mwana wa marehemu husema, "Gari hili lilimbeba mama yangu hospitali usiku niliozaliwa, siliuzi kwa chini ya milioni thelathini." Huba hiyo ni yake, na ana haki ya kutouza. Lakini asidhani kuwa huba yake ni thamani. Na mnunuzi naye husema, "Gari la miaka hamsini ni vyuma chakavu, tulipime kwa kilo." Hilo nalo si kweli, maadamu wako watu wanaolitaka kwa ukongwe wake na wako tayari kulipa kwa ajili hiyo. Uchache wa kitu na raghba ya watu huingia katika thamani, kama ziingiavyo katika lulu na udi.

La pili ni mahali. Thamani ya Rujewa si lazima iwe thamani ya Arusha au Dar es Salaam. Kulipeleka gari kuna gharama, na huko lifikako wako wanunuzi wengi.

La tatu ni wakati. Bonde la Usangu ni nchi ya mpunga. Wakati wa mvua na kupandikiza, fedha zimezama shambani. Baada ya mavuno fedha huzunguka. Mwenye dhiki akiuza wakati wa mvua hupewa bei ya dhiki. Basi asiyelazimika na asubiri mavuno, na anayesimamia mali ya wengine subira hiyo yampasa zaidi, kama tutakavyoeleza.

MLANGO WA TATU: Njia ya kuipata thamani hiyo

Ukitaka kuijua thamani ya mfano, fuata hatua nne.

Hatua ya kwanza: tafuta mauzo yaliyokwisha fanyika, usitafute bei zinazotajwa. Mtu aweza kuandika katika tangazo lake kwamba auza milioni arobaini, na gari likakaa miaka mitatu halijanunuliwa. Bei iliyotajwa ni tamaa, na bei iliyolipwa ni ushahidi. Uliza Makambako, uliza Chimala, uliza Mbeya mjini: ni gari gani kama hili lililouzwa karibuni, lilikuwa na hali gani, na fedha ngapi zilihesabiwa mkononi.

Hatua ya pili: lipime gari lako kwa hayo. Hapa ndipo ile siri ya aluminiamu na chuma. Bodi ya aluminiamu haishikwi na kutu ya chuma, kwa hiyo gari huonekana zima machoni, na huku chasisi chini yake imeliwa. Mwenye akili hulala chini akagonga chasisi kwa nyundo ndogo, khasa upande wa nyuma, na pale vinaposhikizwa springi. Mlio wa chuma kizima si mlio wa chuma kilichooza. Atazame pia ule ukuta wa chuma utengao injini na abiria. Kisha aiwashe injini ikiwa baridi, atazame moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yaliyozidi, na mweupe mzito usiokoma hata injini ikisha pata moto ni maji yanayoingia ndani. Alitembeze gari aone kama gia yajirukia yenyewe, na difu kama yalia.

Hatua ya tatu: hesabu gharama ya kuondoa kila upungufu, uitoe katika thamani ya lililo zima.

Hatua ya nne: waite watu wawili waadilifu wenye ujuzi, wasio na fungu katika biashara hiyo, walitie thamani. Wanavyuoni wetu wameshurutiza wathamini wawili waadilifu katika kutia thamani, kwani jambo hilo ni kama ushahidi. Fundi anayetumaini kulinunua mwenyewe, au dalali mwenye ujira juu yake, neno lake halitoshi. Wakikhitalifiana wawili hao, na atafutwe wa tatu.

Tupige mfano, na hesabu hii ni ya kufundishia tu, si bei ya soko. Tufanye Land Rover 109 nzima, yenye injini yake ya asili na chasisi njema, imeuzwa kwa shilingi 15,000,000. Gari letu lina injini ya asili, lakini chasisi ya nyuma yahitaji kukatwa na kuchomelewa, shilingi 1,200,000. Gia boksi yahitaji kufunguliwa, shilingi 1,000,000. Na tairi zimekwisha, shilingi 800,000. Jumla ni 3,000,000. Basi thamani yake ni 12,000,000, na wathamini wawili wakakubali hivyo. Hiyo ndiyo thamani ya mfano.

Suala: Nimelitia gari fedha nyingi kulitengeneza, je, nazihesabu zote katika bei?

Jawabu: Ulichotumia ni jambo moja, na thamani ni jambo jingine. Aliyetia milioni ishirini katika gari la thamani ya kumi na mbili, hawi na gari la ishirini. Lakini ukiuza kwa njia ya murabaha, yaani kumwambia mnunuzi, "Nakuuzia kwa mtaji wangu na faida kadha," hapo pana hukumu ambayo wengi hawaijui. Ukisema, "Kwa bei niliyonunulia," haingii humo ila bei uliyonunulia tu. Na ukisema, "Kwa ilivyonisimamia," huingia bei na ujira uliowalipa mafundi na wachukuzi na dalali. Ama kazi ya mkono wako mwenyewe, au ya rafiki aliyekusaidia bure, haiingii. Ukitaka kuihesabu, mbainishie mnunuzi, useme: "Limenisimamia kwa kadha, na kazi yangu mwenyewe naihesabu kadha." Ukiificha ndani ya hesabu, umemdanganya.

MLANGO WA NNE: Bei ya kutaja, na mpaka wa faida

Suala: Thamani ikisha julikana kuwa milioni kumi na mbili, je, yafaa kutaja kumi na nne?

Jawabu: Yafaa. Sharia haikuweka kipimo cha faida. Bei zilipopanda Madina, masahaba walimwomba Mtume (S.A.W.) awawekee bei, akakataa, akawaeleza kuwa mwenye kupandisha na kushusha ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye ataka kukutana na Mola wake hali hapana mtu anayemdai dhuluma ya damu wala mali. Naye alimpa Urwa al-Bariqi (R.A.) dinari moja amnunulie kondoo, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari, Mtume akamwombea baraka. Na kupatana bei ni sunna inayojulikana, Mtume mwenyewe alipatana na Jabir (R.A.) bei ya ngamia wakiwa njiani, kisha walipofika Madina akamlipa bei yake na ngamia akamrudishia.

Kwa hiyo kutaja zaidi ili pawe na nafasi ya kupunguza si uongo, kwani kusema "nataka kumi na nne" ni kutoa shauri la bei, si kutoa khabari. Walakini ukisema, "Jana nimepewa kumi na tatu nikakataa," na hukupewa, hiyo ni khabari ya uongo. Ukisema, "Nimelinunua kwa kumi na moja," nawe ulinunua kwa saba, ni uongo. Na ukimweka rafiki yako aje apandishe bei mbele ya mnunuzi, wala hana nia ya kununua, hiyo ndiyo najshi, nayo ni haramu.

Na juu ya mpaka wa haki yako, uko wasaa wa wema. Imamu Ghazali katika Ihyaa ametaja khabari ya Yunus bin Ubaid, mfanyabiashara wa Basra. Dukani mwake zilikuwamo nguo za dirhamu 400 na nyingine za 200. Akatoka kwenda kusali, akamwacha mwana wa ndugu yake. Akaja bedui akataka nguo ya 400, akaonyeshwa ya 200, akaipenda, akalipa 400 kwa ridhaa yake. Yunus akakutana naye njiani akaitambua nguo, akamrudisha. Bedui akasema, kwetu nguo hii ni 500, nami nimeridhika. Yunus asikubali, akamrudishia 200, kisha akamgombeza kijana wake. Tazama, ndugu yangu: mnunuzi ameridhika, na kwao bei ni kubwa zaidi, tena Yunus hakusema uongo wowote, na bado moyo wake haukutulia.

Na upande wa mnunuzi pia una mfano wake. Jarir bin Abdallah (R.A.) alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Akamtazama farasi, akamwendea mwenyewe, akamwambia kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akawa ampandishia hata ikafika 800. Alipoulizwa, akasema kuwa alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Wewe utokaye pwani na fedha mfukoni, unayejua gari lile Arusha lina wateja wake, na mjane wa Rujewa hajui, kumbuka khabari ya Jarir kabla hujafurahia urahisi wa bei.

MLANGO WA TANO: Aibu za gari na kuzificha

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu ndani. Akamwuliza mwenyewe mbona hakuuweka juu watu wauone, akatoa onyo kali kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.) imekuja kwamba wauzaji wawili wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa bei yao, na wakificha na wakasema uongo hufutwa baraka yake.

Aibu katika fiqhi ni kila upungufu unaopunguza kitu chenyewe au thamani yake, ikiwa katika jinsi ya kitu kile kwa kawaida upungufu huo haumo. Shika neno hili la mwisho. Gari la miaka hamsini, kupauka rangi yake na kuchanika viti vyake ni kawaida ya jinsi yake, na mnunuzi hawezi kulirudisha kwa hayo. Lakini chasisi iliyooza ikazibwa kwa unga wa kuzibia na kupakwa rangi nyeusi, hiyo ni aibu na ni ghushi. Kutia oili nzito katika injini ili moshi usionekane siku ya kuuza, ni mfano wa yule afungaye chuchu za mnyama siku kadhaa ili mnunuzi adhani ana maziwa mengi; nayo Mtume (S.A.W.) ameikataza, akampa mnunuzi khiari. Mafakihi wakafananisha nayo kuzuia maji ya kinu kisha kuyafungulia kwa nguvu wakati wa kuuza. Watu wa Usangu, wajuao mambo ya mifereji, wataufahamu mfano huu.

Suala: Watu huandika katika hati ya mauzo, "Limeuzwa kama lilivyo, hakuna kurudisha." Je, muuzaji amesalimika?

Jawabu: Katika madhehebu yetu, kujitoa katika kila aibu kwa neno la jumla hakumwokoi muuzaji, ila katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Na gari si mnyama. Ataokoka kwa kila aibu aliyoitaja na kuionyesha: "Chasisi hapa imeoza, gia ya tatu hujirukia." Basi kuitaja aibu ni faida yako wewe muuzaji kabla ya kuwa faida ya mnunuzi. Na mnunuzi akigundua aibu asiyoonyeshwa, na airudishe mali mara moja bila ya kuchelewa. Akiendelea kulitumia gari hali ajua, khiari yake yaanguka.

Na ikiwa hawezi kulirudisha kwa kuwa limepata aibu nyingine mkononi mwake, na muuzaji hakuridhia kulipokea hivyo, hudai fidia iitwayo arshi. Hesabu yake ni hii: tuseme gari likiwa zima lina thamani ya 12,000,000, na kwa aibu ile lina 9,000,000. Upungufu ni robo. Bei waliyopatana ilikuwa 10,000,000. Basi atarudishiwa robo ya bei, yaani 2,500,000, wala si zile 3,000,000 za tofauti ya thamani. Kwani kinachorudi ni fungu la bei aliyolipa.

Tanbihi: wajibu huu haumhusu muuzaji peke yake. Wathila bin al-Asqa (R.A.) alimwona mtu amenunua ngamia kwa dirhamu 300. Akamfuata akampigia kelele, akamwuliza kama amemtaka wa kuchinja au wa safari. Akasema, wa safari. Wathila akamjulisha kuwa kwatoni mna tundu, wala hataweza kuendelea na mwendo. Muuzaji akapunguza 100. Basi fundi aijuaye aibu ya gari, akanyamaza kwa kuwa muuzaji ni jirani yake, na ajue khabari hii.

Tanbihi ya pili: wako wanaonunua kwa picha za simu tu, hali wako Dar es Salaam au Maskati. Kauli iliyo dhahiri katika madhehebu yetu ni kwamba kuuza kitu kisichoonwa hakusihi. Picha haionyeshi kilicho chini ya chasisi. Na aende mwenyewe, au amwakilishe mwaminifu alione na kufunga bei kwa niaba yake.

MLANGO WA SITA: Dalali na "cha juu"

Imekuwa ada mwenye gari kumwambia dalali, "Mimi nataka kumi, itakayozidi ni yako." Ujira huu haujulikani kiasi chake, nao katika madhehebu yetu haukusihi, dalali atapata ujira wa mfano wa kazi yake. Na yule dalali aambiwaye "uza," akauza kwa kumi na nne, akampelekea mwenyewe kumi na mbili na kuficha mbili, amekula mali ya mtu, kwani ziada ni ya mwenye gari. Wala wakili haimfai kujiuzia mwenyewe, wala kuuza kwa upungufu mkubwa chini ya thamani ya mfano. Dawa ya yote haya ni nyepesi: patana na dalali ujira unaojulikana, uandike, na pande zote mbili zijue.

MLANGO WA SABA: Gari la marehemu na haki ya yatima

Hapa ndipo tulipokusudia kufika. Magari mengi ya namna hii ni ya mirathi. Tufanye Zaidi amekufa Rujewa, ameacha mke, mwana mkubwa Amri, mwana mdogo asiyebaleghe, na binti mdogo. Na wazazi wake walimtangulia. Baada ya kumzika, kulipa madeni na kutoa wasia, limebaki gari hili lenye thamani ya 12,000,000. Mke ana thumni, yaani moja katika nane. Inayobaki ni ya watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Ligawe gari mafungu 40: mke 5, Amri 14, mdogo wake 14, binti 7. Kila fungu ni shilingi 300,000. Basi mke apata 1,500,000, kila mwana 4,200,000, na binti 2,100,000.

Sasa amekuja mnunuzi kutoka pwani. Amri ndiye msimamizi wa mirathi aliyewekwa na mahakama ya mwanzo, naye ndiye aliyekabidhiwa mali ya wadogo zake. Ana deni la mbolea, amechoka kungoja. Mnunuzi ametoa 7,000,000 taslimu, Amri amekubali, wamepeana mikono. Fungu limeshuka likawa 175,000. Mwana mdogo amepata 2,450,000, amepoteza 1,750,000. Binti amepata 1,225,000, amepoteza 875,000. Yatima wawili wamepoteza shilingi 2,625,000 kwa siku moja, wala hawakuulizwa, na lau wangeulizwa hawakuwa na umri wa kujibu.

Hukumu yake ni ipi? Mtu mzima aliye na akili timamu, akiuza mali yake kwa bei duni bila ya kudanganywa, bei yake yasihi, wala hana khiari katika madhehebu yetu, kwa kuwa amepunja nafsi yake kwa kutouliza. Lakini mwenye kusimamia mali ya yatima hana ruhusa ila katika lililo na maslaha kwa yatima huyo. Akiuza kwa upungufu mkubwa ambao watu kwa kawaida hawauvumilii, bei yake haisihi katika fungu la yatima. Mafakihi wamepiga mfano: cha kumi kuuzwa kwa tisa huvumiliwa, na kwa nane hakuvumiliwi, na mizani ya hayo ni ada ya watu, wala katika mali kubwa upungufu wa namna hiyo si lazima uvumiliwe. Je, cha kumi na mbili kwa saba?

Basi msikie, ewe mnunuzi. Umelipeleka gari pwani, umelipaka rangi, umelionyesha kwa watu, nawe wasema, "Nimelipata kwa bei ya kutupa." Na katika gari hilo mafungu 21 katika 40, zaidi ya nusu, hayajatoka katika milki ya yatima wawili walioko Rujewa. Limo gerejini mwako, nalo si lako lote. Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratin Nisaa hali ya wanaokula mali za yatima kwa dhuluma, kuwa wala moto matumboni mwao. Ridhaa ya Amri haikuokoi, kwani Amri hakumiliki alichokuridhia.

Na njia ya salama ni ipi? Kwa msimamizi: awaite wathamini wawili, aandike thamani waliyosema, atangaze gari kwa watu zaidi ya mmoja, angoje mavuno ikiwa hapana dharura, wala asijiuzie mwenyewe. Akiuza kwa mkopo kwa sababu ya maslaha, ashuhudize na atwae rehani. Atakapouza, fungu la wadogo aliweke mbali na mali yake, na hesabu aiandike. Kwa mnunuzi: aulize swali moja kabla ya kuuliza bei, "Hili ni la nani, na warithi ni wangapi?" Akiambiwa wamo watoto, aombe kuiona karatasi ya wathamini na barua ya usimamizi wa mirathi. Na aliyekwisha kununua kwa bei ya dhuluma, mlango haujafungwa: arudi Rujewa, gari litiwe thamani upya, na bei ya fungu la yatima ifungwe upya kwa thamani yake kamili, au arudishe gari na kupokea fedha zake. Safari hiyo ni ndefu na gharama yake ni kubwa, walakini ni nyepesi kuliko hesabu ya Kiyama.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali yenye baraka, atulinde na mali ya yatima, na atufanye katika wale wasemao kweli wanapouza na wanaponunua. Amin.